Kapu au kambare: umkalie yupi ukingoni?

"Unaenda kuvua nini?" Ndilo swali la kwanza la muuza ndoano, na ndilo linalowakwamisha wengi. Mtu ameingia dukani na hamu yake ya Jumamosi moja kando ya maji, hana mashua, hana mwalimu, na sasa anaonyeshwa upande huu ndoano ndogo kama kucha ya mtoto, upande ule nyingine unazoweza kutundikia mbuzi. Akijibu "samaki yeyote", atatoka na vifaa visivyomfaa samaki yeyote.

Kwa anayevua kutoka nchi kavu kwenye maziwa na mabwawa ya bara nchini Kenya, uchaguzi wenye maana huwa ni kati ya wawili: kapu na kambare. Perege mdogo hata mtoto humnasa. Sangara wa Ziwa Victoria anataka mashua. Trauti wa mito ya Mlima Kenya na Aberdare ana mambo yake na gharama zake. Lakini kapu na kambare hukusogelea ulipo, wanakua wakubwa wa kutosha kukutetemesha mikono, na chambo chao kinatoka jikoni.

Tuelewane majina kwanza. Kapu ninayemsema si lile la ukindu la kuendea sokoni. Ni samaki wa magamba makubwa ya rangi ya dhahabu iliyofifia, midomo minene inayochomoza kama ya mtu anayepuliza chai, na ndevu nne fupi pembeni mwa mdomo. Kambare ndiye mumi wa watu wa Nyanza, ndiye kambale wa wengine: mweusi, utelezi mtupu, kichwa bapa kama koleo, ndevu nane ndefu, hana gamba hata moja.

Nitawapima kwa mambo yaleyale: maji na saa zao, chambo, vifaa, wanavyovuta, wanavyoshikika, na wanavyokaa sufuriani. Ukubwa siuweki kwenye mizani, kwa sababu wote wawili wanaweza kukupita nguvu. Jambo la kwanza nitalikalia zaidi, maana naona ndilo linaloamua mengine yote, na ndilo ambalo wanaoanza hawaulizi.

Maji na saa

Kapu unaweza kumvua mchana. Hula akikoroga tope la chini, na mahali anapokula utaona mapovu madogo madogo yakipanda na maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa. Asubuhi ya baridi ya Ziwa Naivasha, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, hana haraka. Mimi humtegemea kuanzia saa tatu jua likishapasha maji ya kina kifupi, kisha tena saa tisa hadi saa kumi na moja jioni.

Naivasha ndiko nyumbani kwake siku hizi, ingawa ni mgeni wa juzi. Yaaminika kwamba mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalimzoa kutoka bwawa la kufugia samaki huko juu ya Mto Malewa. Mwaka 2001 alikuwa tayari kwenye nyavu za wavuvi, na haikupita miaka kumi akawa ndiye samaki mkuu wa ziwa lile. Mtu asimshangae kwa ugeni wake: hata besi, samaki mwingine wa ziwa lile, aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929.

Kambare ni wa jioni na usiku. Macho yake ni madogo na hayamsaidii sana. Anaongozwa na ndevu na pua, na giza ndilo linalompa ujasiri wa kusogea kwenye maji ya kina cha goti. Mchana anapatikana pia, hasa mvua ikiwa imenyesha na maji yamechafuka, maana wakati huo huja pembezoni kwenye nyasi zilizofunikwa na maji kutafuta chakula na kutaga. Kama huna budi kumvua mchana, subiri siku hizo.

Sasa tatizo ni hili. Saa nzuri ya kambare ndiyo saa ya kiboko. Naivasha haina mamba, lakini ina viboko wengi, na jua likikaribia kuzama wanatoka majini kwenda kulisha, wakipita palepale ulipotandika gunia lako. Kiboko aliyekuta mtu kati yake na maji hatafuti njia ya kuzunguka. Watu wameuawa kwenye ukingo ule, na si wageni tu, bali wavuvi waliozaliwa hapo. Kwa hiyo kanuni yangu ya Naivasha haina mjadala: saa kumi na moja na nusu nyuzi zimeshakunjwa, hata kama mtu wa pembeni ndiyo kwanza anasema "sasa ndiyo wanaanza kula". Ukiifuata kanuni hiyo, umeshamwacha kambare mwenyewe bila hata kufika kwenye kigezo cha pili.

Masinga, kwenye Mto Tana, ni habari nyingine. Bwawa lile lilikamilika mwaka 1981 na lina wote wawili, kapu na kambare. Lakini lina viboko na mamba pia. Pale hukai miguu ikiwa majini, huchuchumai ukingoni kunawa mikono, na ndoano ikinasa kisiki, unakata uzi. Ndoano ni shilingi chache.

Anayetaka kambare kwa utulivu atafute mabwawa ya watu binafsi, yale ya kulipia ambapo unavua na kupimiwa kwa kilo. Kambare hufugwa sana, na huko unaweza kukaa hadi taa ziwashwe bila kusikia mkoromo nyuma ya mgongo. Wapo wanaocheka kwamba huko si kuvua, ni kununua samaki kwa njia ndefu. Waache wacheke. Mtu anayejifunza kuhisi mdonoo anahitaji samaki wa kumdonolea.

Neno kuhusu mito inayopokea maji machafu ya miji. Kambare ana kiungo cha kupumulia hewa juu ya matamvua yake, hivyo anaishi kwenye maji ambayo kapu angelala ubavu. Usimtumie kama shahidi wa usafi. Kuwepo kwake mahali hakukuambii lolote juu ya kinachoingia kwenye minofu yake.

Chambo

Hapa wote wawili ni rafiki wa mfuko, ila kila mmoja na tabia yake.

Kapu anapenda mahindi. Mahindi makavu yalowekwe usiku kucha, yachemshwe mpaka yaanze kupasuka na kutoa utamu, kisha yaachwe kwenye maji yake siku moja au mbili yachachuke kidogo. Aliyepika githeri nyumbani ameshafanya nusu ya kazi. Usitupe mahindi makavu majini hata kidogo. Yanavimbia tumboni mwa samaki. Ugali wa jana nao ni chambo kizuri: ukande na unga wa ngano kidogo na kijiko cha sukari mpaka ushike kama udongo wa mfinyanzi, ufinyange tonge dogo kama gololi. Ugali laini utaachana na ndoano hewani, na utakaa saa nzima ukivulia chuma kitupu.

Siri ya kapu lakini haiko kwenye ndoano, iko kwenye siku zilizotangulia. Anayeishi karibu na maji na kutupa viganja viwili vya mahindi mahali palepale, saa ileile, siku tatu mfululizo, siku ya nne atawakuta wamekuja mezani. Anayetoka Nairobi asubuhi na kurudi jioni hana nafasi hiyo, na inabidi afidie kwa kutupa kiganja kimoja kila nusu saa. Asizidishe. Kapu aliyeshiba hana haja na punje zako mbili.

Kambare haandaliwi karamu. Anataka harufu. Matumbo ya kuku, maini yaliyoanza kunuka, nyungunyungu rundo zima, kipande cha samaki, chura mdogo. Wapo hata wanaotumia kipande cha sabuni ya mche, na wanapata. Mafuta yaliyomo ndiyo yanayomvuta. Maini ni laini na hutoka kwenye ndoano upesi, kwa hiyo yafunge kwa uzi wa kushonea raundi tano sita. Kinachowashinda wengi si kupata chambo hiki bali kukaa nacho. Matumbo ya kuku yaliyosahauliwa kwenye buti la gari tangu Jumamosi hadi Jumanne yanaweza kuvunja ndoa.

Vifaa

Kapu ana mdomo laini na hana meno mdomoni. Meno yake yako kooni, ya kusagia. Hivyo uzi wa kawaida wa nailoni unamtosha, wa kubeba kilo tano au sita hivi, na ndoano ndogo yenye shingo fupi, namba 6 au 8. Chubwi, ule uzito wa kuzamisha uzi, la gramu 40 hadi 60 linakufikisha mbali. Waingereza, ambao wamemfanya kapu karibu dini, wana mbinu ya kufunga chambo kwenye kiuzi chembamba kinachoning'inia nyuma ya ndoano badala ya kukichoma. Kapu hunyonya chambo, akitaka kukitema ndoano tupu inamgeukia mdomoni. Inafanya kazi na punje mbili za mahindi vilevile, na inafaa kujifunza ukishapoteza samaki wa kutosha.

Kifaa kimoja cha kapu usikionee uvivu: breki ya rili, lile gurudumu la kukunjia uzi. Mara yangu ya kwanza Naivasha niliweka fimbo juu ya kijiti cha panda, nikakaza breki hadi mwisho nikidhani ndio uangalifu, nikageuka kumimina chai. Sikuona samaki. Nilisikia kijiti kikianguka, na nilipogeuka fimbo ilikuwa inaondoka juu ya maji, kitako kikiwa nyuma, polepole kwanza kama mashua inayoaga, kisha ikazama kwenye magugu maji. Kapu akihisi ndoano haachi kukimbia mpaka afike anakokwenda. Legeza breki kiasi cha kuweza kuvuta uzi kwa vidole viwili.

Kambare anataka vitu vizito zaidi. Meno yake ni kama msasa, mikanda ya meno madogo yanayosugua uzi hadi ukatike, kwa hiyo nusu mita ya mwisho iwe nailoni nene au uzi wa kusuka, na ndoano kubwa, 1/0 hadi 4/0. Pia ana tabia ya kujiviringisha akivutwa, hivyo usisahau kile kichuma kidogo kinachozunguka kati ya uzi na ndoano, la sivyo uzi wote utasokoteka kama nywele za mtoto aliyetoka kulala. Faida yake ni kwamba hahitaji fimbo ghali. Uzi wa mkono uliozungushwa kwenye kopo la maziwa umevua kambare wengi kuliko rili zote za Nairobi, wakati kapu mkubwa kwa uzi wa mkono atakukata vidole.

Wanavyovuta

Kapu hucheza na subira yako. Anadonoa, anaacha, ncha ya fimbo inatikisika mara mbili, kimya robo saa. Halafu ghafla uzi unatoka. Mbio yake ya kwanza ndiyo ya hatari, na daima anaelekea kwenye mafunjo au visiki. Naivasha ya sasa ina visiki vingi kuliko zamani, kwa sababu maji yalipanda sana kuanzia 2020 hivi, yakafunika nyua, mashamba na hata mtaa wa Kihoto. Migunga mingi imekufia ndani ya maji. Tupa mahali ambapo una nafasi ya kumzuia kabla hajafika humo.

Kambare hana mbio ndefu. Ni uzito, kutikisa kichwa, na ubishi wa kung'ang'ania chini. Mdonoo wake mara nyingi ni mvuto wa polepole, kama mtu anayejaribu kukuibia kikapu bila kukuamsha. Mpe muda wa kuhesabu hadi tano, lakini si hadi ishirini, maana atameza ndoano yote na hutaweza kumrudisha akiwa hai.

Kama unachotafuta ni mshindo wa moyo, kapu anatoa zaidi kwa kilo moja. Kama unachotafuta ni kurudi na kitu, kambare ndiye mwaminifu. Siku za kapu bila kapu ni nyingi, na asiyependa kukaa saa sita akitazama ncha ya fimbo ajijue mapema.

Kuwashika

Kapu ni mpole mkononi. Lowesha mikono kwanza ili usimtoe ute wake, mlaze kwenye nyasi mbichi au gunia lililolowa, toa ndoano. Angalia tu mwiba wa mbele wa pezi la mgongoni: una meno kama msumeno na unashika wavu vibaya.

Kambare anahitaji adabu. Ana miba miwili migumu kwenye mapezi ya kifuani, na akikasirika huitanua na kuifunga isirudi. Mshike nyuma ya kichwa, vidole vikiwa nyuma ya miba hiyo, kwa kitambaa kikavu au gunia. Ukimtia mfukoni akiwa mzima, ujue bado ni mzima. Kwa sababu anapumua hewa, anaweza kukaa saa nyingi nje ya maji akiwa na unyevu kidogo tu. Wangu mmoja nilimwacha kwenye ndoo jikoni nikijua amekufa. Saa nane usiku kitu kikawa kinajikokota kwenye sakafu, na aliyeamka kuangalia hakuwa mimi. Ukishaamua kumla, mpige kichwani hapohapo ukingoni.

Jikoni

Kapu ana nyama tamu nyeupe na miba midogo yenye umbo la herufi Y, iliyojificha ndani ya mnofu. Hiyo ndiyo inayomponza, na watoto wasipewe bila kuangaliwa. Dawa yake ni kisu kikali: mpare magamba, kisha mchanje mnofu mistari myembamba iliyokaribiana, nusu upana wa kidole hivi, kutoka mgongoni kushuka, bila kukata ngozi ya upande wa pili. Mtie chumvi na ndimu saa moja, mkaange kwenye mafuta mengi yenye moto. Miba iliyokatwakatwa inakauka na kuliwa pamoja na nyama. Ndimu inapunguza pia ile harufu ya tope.

Kambare hana miba hiyo. Mnofu wake ni mzito, una mafuta, na akikaushwa kwa moshi anakaa siku nyingi. Mchuzi wa kambare wa moshi wenye nazi au karanga ni chakula cha kuitia majirani. Utelezi wake unatoka kwa jivu au chumvi na maji ya moto. Ila kuna nyumba ambazo hataingia. Wasabato hawali samaki asiye na magamba, wala Waislamu wa madhehebu ya Shia, na wapo wengi wasio na sababu ya dini ila wakimtazama wanamwona nyoka. Uliza nyumbani kabla hujatumia siku nzima kumvua.

Kwa hali yako

Kabla ya yote, uvuvi wa burudani una leseni yake. Iulize ofisi ya uvuvi ya kaunti unakokwenda, na uulize pia kama ziwa limefunguliwa, maana Naivasha hufungwa kwa vipindi ili samaki wazaliane. Ukifika kwenye fuo za umma kama Kamere au Karagita, jitambulishe kwa kamati ya ufuo. Watakuambia mambo mawili usiyoyajua: samaki wako wapi wiki hii, na viboko wanatokea wapi.

Una Jumamosi moja, unatoka mjini na kurudi jioni, Naivasha: nenda na mahindi, kaa na kapu, uondoke mapema. Ukirudi mikono mitupu umepata angalau siku ya tai wavuvi.

Una watoto wa miaka minane, tisa: bwawa la kulipia, nyungunyungu, kambare wadogo. Watoto hawana saa sita za kutazama fimbo. Ndoano uitoe wewe, kwa ajili ya ile miba.

Huna fedha za fimbo na rili: uzi wa mkono, maini, kambare, mahali ambapo hakuna mamba wala kiboko. Msimu wa mvua usikupite.

Unaishi hatua chache kutoka kwenye bwawa na una desturi ya kutembea kila jioni: wewe ndiye ambaye kapu anamngoja, maana una kile ambacho wa mjini hana, siku tatu za kumlisha.

Hutaki kula samaki, unataka kumvua, kumpiga picha na kumrudisha: kapu. Ndoano humkaa mdomoni, hutoka kirahisi, na anaondoka mzima. Mrudishe lakini kwenye maji yaleyale aliyotoka. Naivasha inakuonyesha kinachotokea samaki akihamia kwingine.

Unalisha watu wengi: kambare, isipokuwa kama mama mkwe ni Msabato.

Na kama umefika Masinga na bado hujaamua, tega fimbo mbili, moja ya mahindi na moja ya maini, hatua kumi mbali na maji na hatua kumi kati yake. Breki ya ile ya mahindi ilegeze kabla hujamimina chai.